Barua Inayoeleweka, Faili Inayopatikana: Somo kwa Kamati na Vikundi vya Lokichoggio

Safari ya kutoka Lokichoggio hadi makao makuu ya kaunti mjini Lodwar, ukipitia Kakuma, ni takriban kilomita 200. Kikundi kinachotuma mjumbe hulipa nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani, na mara nyingine malazi ya usiku mmoja. Mjumbe akifika na barua isiyo na tarehe, au akakosa nakala ya cheti cha usajili wa kikundi, gharama hiyo yote hurudiwa. Somo hili ni la makatibu wa kamati za maji, bodi za shule, vikundi vya akina mama, vijana na wafanyabiashara. Linahusu mambo matatu: kuandika, kuhariri na kuhifadhi.

Barua moja, jambo moja

Soma mfano huu wa barua:

"Sisi wananchi tunaumia sana kwa sababu kisima kimeharibika kwa muda mrefu, na pia barabara ni mbaya na vijana hawana kazi. Tunaomba serikali itusaidie haraka."

Malalamiko hayo ni ya kweli, lakini karani anayeipokea barua hii hajui aipeleke wapi. Maji yana idara yake, barabara yake, na vijana yake. Barua yenye mambo matatu mara nyingi huenda kwa idara moja, na mawili yaliyobaki hukaa humo bila kujibiwa. Tena haisemi ni kisima kipi, kiliharibika lini, wala apigiwe nani simu.

Sasa linganisha na hii:

"KUH: OMBI LA KUKARABATI KISIMA KILICHO KARIBU NA SOKO. Kisima hiki kiliacha kutoa maji tarehe 3 Machi 2025. Pampu inawaka lakini maji hayapandi. Kaya 140 sasa zinategemea kisima kimoja kilichobaki. Tunaomba fundi aje kukikagua. Nambari ya simu ya mwenyekiti iko hapa chini."

Barua ya pili ina maneno ya kawaida, lakini kila sentensi inafanya kazi. "Pampu inawaka lakini maji hayapandi" humwambia fundi jambo tofauti na "pampu haiwaki kabisa". La kwanza linamfanya awaze kuhusu pampu yenyewe, mabomba au kina cha maji. La pili linampeleka kwenye umeme au paneli za sola. Fundi anayejua hilo kabla ya kuondoka huchagua vifaa vinavyofaa, na huenda asilazimike kurudi mara ya pili.

Kuhariri ni kumwonea huruma msomaji

Kuhariri si kutafuta maneno makubwa. Ni kuondoa kila kitu kinachomchelewesha msomaji. Fuata hatua hizi:

1. Iache barua ipumzike, hata kwa saa moja, kisha uisome kwa sauti. Mahali ulimi unapokwama ndipo sentensi ni ndefu mno. Ikate.

2. Mpe mzee au mwanakamati ambaye hakuwapo ulipokuwa ukiandika, umweleze yaliyomo kwa Ng'aturkana. Ukishindwa kueleza aya fulani kwa lugha ya nyumbani, basi hata wewe hujaielewa vizuri. Iandike upya.

3. Kagua majina, tarehe na nambari peke yake, kimoja kimoja. Jina katika barua lifanane na lile la kitambulisho, herufi kwa herufi. Hitilafu ndogo ya jina yaweza kuchelewesha fomu ya basari au malipo ya benki.

4. Chagua tahajia moja ya jina la mahali. Mji wetu huandikwa Lokichoggio, Lokichogio, na wengine huandika Loki tu. Mtu husoma yote matatu akaelewa. Kompyuta inaweza kuyachukulia kama majina matatu tofauti, na karani akitafuta moja asiione faili yenye jina jingine. Tumia Lokichoggio, kama wadi inavyoandikwa.

Kumbukumbu za mkutano: nani, nini, lini

Kumbukumbu nyingi hueleza nani aliomba dua na nani alizungumza kwa muda mrefu, lakini hazisemi kilichoamuliwa. "Ilikubaliwa kwamba suala hilo lishughulikiwe" ni sentensi isiyo na mwenyewe. Andika hivi: "Katibu atapeleka barua kwa msimamizi wa wadi kufikia Ijumaa, tarehe 21 Machi 2025."

Kila uamuzi ubebe jina la anayehusika, kazi yenyewe, na siku ya mwisho. Mkutano unaofuata uanze kwa kusoma maamuzi hayo na kuuliza lipi limetekelezwa. Panapohusika fedha, andika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na mwekahazina atie sahihi. Kumbukumbu za namna hii huzima ugomvi mwingi kabla haujafika kwa chifu.

Kila karatasi na mahali pake

Lokichoggio inajua vizuri ofisi zinazohama. Kuanzia mwaka 1989 mji huu ulikuwa kituo kikuu cha Operation Lifeline Sudan, mpango wa Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada wa kupeleka chakula na dawa kusini mwa Sudan. Baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005, mashirika mengi yalihamia ng'ambo ya mpaka. Hospitali ya Lopiding, iliyokuwa chini ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ilikabidhiwa serikali mwaka 2006.

Ofisi inapofungwa, majalada yake huondoka nayo. Dereva, mlinzi au karani wa stoo ambaye hakubaki na barua yake ya kazi hana pa kuulizia miaka 15 baadaye. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi anapoacha kazi, mradi alitumika wiki nne mfululizo au zaidi. Kidai kabla hujaondoka, na ukihifadhi.

Kikundi kidogo hakihitaji kabati la chuma. Faili nne zinatosha: ya usajili na katiba, ya kumbukumbu za mikutano, ya fedha na risiti, na ya barua. Ongeza daftari moja la barua zilizotoka na zilizoingia, lenye tarehe, mhusika na jambo. Kila barua iende na nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa na irudi kwenye faili yako. Ofisi ikisema haijaiona barua, muhuri huo utakutetea. Weka faili kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya mawe, kwa sababu mchwa hawachagui karatasi.

Wanaotumia simu au kompyuta wasiache picha za hati zikipotea kati ya picha za harusi. Ipe kila hati jina linaloanza na mwaka, mwezi, kisha siku, kwa mfano: 2025-03-14 Kumbukumbu Kamati ya Maji. Hati zenye majina ya namna hii zinaweza kujipanga zenyewe kwa mfuatano wa tarehe. Weka nakala mahali pengine pia, kwani simu huibwa na huanguka. Na usitume picha za vitambulisho vya wanachama kwenye kikundi cha WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za mtu binafsi.

Sheria inatubana hata sisi maafisa

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaeleza namna. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na kulipokea hakutozwi ada. Unaweza kutozwa tu gharama ya kunakili hati. Asiyeweza kuandika, kwa kutosoma au kwa ulemavu, ana haki ya kuandikiwa ombi lake na afisa na kupewa nakala.

Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21. Ombi likihitaji hati nyingi au mashauriano, muda waweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Panapohusika uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Asiyeridhika anaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Siku hizo huhesabiwa tangu ombi lilipopokelewa, na hapo ndipo nakala yako yenye muhuri inapopata thamani.

Zoezi la wiki hii

Mwombe mwanakamati ambaye si katibu atafute kumbukumbu za mkutano wenu uliopita, bila kuuliza mtu. Mpe dakika tano. Akizipata, asome uamuzi mmoja na kutaja aliyepewa kazi hiyo. Akishindwa, kamati ianzie hapo: faili nne, daftari moja, na nusu siku ya kupanga.