Kompyuta ya Kikundi Ikianza Kunguruma

Vikundi vingi siku hizi vina kompyuta moja ya mezani, mara nyingi ya mitumba, ya kuwekea hesabu za michango. Baada ya miaka michache huanza kunguruma kama mashine ya kusaga unga. Wengine huizoea ile kelele, wanaongeza tu sauti ya redio. Tafadhali msiizoee. Feni inayonguruma iko karibu kusimama, na ikisimama, joto huunguza vyombo vya ndani. Kwa hivyo, kabla ya lolote, nakilini hesabu zenu kwenye flashi na daftari.

Kelele inatoka wapi? Kompyuta huwa na feni mbili au zaidi. Kunjeni gazeti liwe kama bomba, mwekeze ncha moja sikioni na nyingine karibu na kila feni, bila kugusa kitu. Ikiwa kelele ni ya kile kisanduku cha bati ambamo waya wa stima huingia, hiyo ndiyo feni ya pawa saplai. Pengine ni vumbi tu. Zimeni, chomoeni waya, mpanguse matundu kwa brashi kavu. Kelele ikibaki, beringi imekauka au imelika.

Hapa tunataka msomaji asimame kidogo. Stima ya Kenya ni volti 240, lakini ndani ya kisanduku hicho huwekwa kwenye kapasita, vile vikopo vidogo, ikifika karibu volti 340. Kapasita huhifadhi stima hata baada ya kuchomoa waya. Mtu anaweza kupigwa na kompyuta ambayo haijaunganishwa popote! Ndiyo maana tunasema wazi: kama hakuna fundi wa stima kati yenu, msikifungue kisanduku. Badilisheni kisanduku kizima. Kazi hiyo kikundi kinaweza, kwani ni skrubu nne za nyuma na kuchomoa nyaya zinazokwenda ndani. Chora kila waya ulikuwa wapi kabla ya kuuchomoa. Nendeni dukani na kile cha zamani, kwa maana kompyuta nyingine zina visanduku vya umbo lao wenyewe. Tena angalieni kama nyuma kuna swichi ndogo nyekundu: isome 230, si 115. Mashine zilizotoka Marekani huja zikiwa kwenye 115, na mkiwasha hivyo kisanduku hulipuka.

Kama fundi yupo, feni yenyewe ni bei nafuu kuliko kisanduku. Achomoe waya, abonyeze swichi ya kuwashia mara kadhaa, kisha aache mpaka kesho yake. Avue saa na pete. Akishafungua, apime kapasita kubwa kwa mita, na asiguse kitu mpaka mita isome karibu na sufuri.

Feni mpya ilingane na ya zamani: kuna za upana wa milimita 80 na za milimita 120, na nyingi ni volti 12. Asome ampea kwenye karatasi iliyobandikwa katikati ya feni, zisipite za ile ya kwanza. Lakini feni dhaifu sana, ati kwa sababu ni kimya, itapitisha hewa kidogo na kisanduku kitachemka vilevile. Muulizeni mwenye duka feni ya bolberingi. Hudumu zaidi penye joto.

Waya mwekundu uunganishwe na mwekundu, mweusi na mweusi. Kama zimelehemiwa, maungio mapya yafunikwe vizuri kwa tepu ya umeme, yasiguse bati. Upepo uelekee kule kule ulikoelekea mwanzo. Feni nyingi hutoa hewa upande wa zile nguzo ndogo zinazoshikilia mota.

Wengine huuliza kuhusu oili. Tone moja la oili ya cherehani chini ya ile karatasi hutuliza kelele kwa muda, lakini beringi iliyolika hairudi. Mafuta ya kupikia yasitumike kabisa, yanaganda na kushika vumbi.

Kisanduku kifungwe kwanza, ndipo stima iwashwe. Shikeni kipande cha karatasi nyepesi kwenye matundu ya nyuma muone kama hewa inatoka. Baada ya saa moja wekeni mkono nyuma: hewa vuguvugu ni sawa. Ikiwa hakuna hewa, au kuna harufu ya kuungua, zimeni mara moja kwenye soketi ya ukutani.