Wachora Picha Wawili Niwapendao

Wako wanafunzi, na wazazi pia, wadhanio kwamba kuchora picha ni mchezo wa kupotezea wakati, na kwamba mchoraji hodari ni yule aigaye kitu kama kilivyo. Napenda kueleza habari za wachoraji wawili wa nchi yetu, ili wasomaji wapime wenyewe.

Wa kwanza ni Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, katika mwaka 1923. Alisoma Makerere, kisha akaenda shule ya sanaa ya Slade, London. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, alipewa kazi ya Balozi wetu huko Uingereza. Cheo hicho hakikumsahaulisha migomba ya kwao. Picha yake moja ya mwaka 1956 yaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku. Imo katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Watu katika picha zake ni wadogo, na sura zao zakaribia kuwa za namna moja. Mtazamaji mwenye haraka atasema hiyo ni kasoro. Na atazame tena: kila mmoja yumo katika shughuli ya wote. Hayo ndiyo aliyotaka tuyaone.

Wa pili ni Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyezaliwa mwaka 1932. Huyu hakufundishwa kuchora katika chuo chochote. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Yapata mwaka 1968 alianza kuchora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli, maana ndivyo vitu alivyoweza kuvinunua. Chui wake ana madoa yaliyopangwa kama nakshi, na mara nyingi nyuma yake hapana mlima wala nyasi, ila rangi moja tu. Basi jicho halina pa kukimbilia, litamtazama chui. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu, akafa. Alikuwa amechora miaka michache tu, lakini wanafunzi wake waliiendeleza kazi yake, na hata leo wako watu Dar es Salaam walishao jamaa zao kwa kuchora picha ziitwazo kwa jina lake.

Wawili hawa hawakufanana kwa elimu wala kwa cheo. Walifanana katika jambo moja: kila mmoja alijua la kuchora na la kuacha.

Basi, ewe mwanafunzi, utazamapo picha usiseme upesi kuwa ni nzuri au mbaya. Jiulize kwanza: Jicho langu limekwenda wapi mwanzo? Mchoraji ameacha nini? Kwa nini amekiacha? Nanyi wazazi, mkimwona mtoto akichora, msimnyang'anye kalamu kabla ya kumwuliza maswali hayo.