Namba ya Simu Haitoki Kwenye Gemu

Shule zikifungwa, simu ya mzazi haipumziki. Mama akirudi kutoka shamba la maua kule Naivasha, au baba akiegesha bodaboda jioni pale Free Area, mtoto ameshasimama mlangoni: "Nipe simu kidogo tu, nimalize mechi moja." Unampa, maana umechoka na chakula bado hakijapikwa.

Simu hiyo ndiyo pochi yako. Ina pesa za matumizi, akiba na hata mkopo unaoweza kuchukuliwa kwa sekunde chache. Na kwenye gemu kama Free Fire, PUBG Mobile au Roblox, mtoto hachezi peke yake. Anaongea na watu, kwa maandishi au kwa sauti, na wengi wao hajawahi kuwaona. Katika somo la leo tunaangalia jinsi maongezi hayo yanavyoweza kufika kwenye pesa zako, na kwa mtoto mwenyewe.

Huanza hivi

Tuseme kijana wa miaka 11 anacheza Free Fire. Mwenzake kwenye timu anamwandikia:

"Wee ni noma! Uko wapi?"
"Nakuru."
"Hata mimi. Nakuru gani?"
"Lanet."
"Sawa. Nipe namba ya mathe nikutumie almasi za bure. Lakini usimwambie, iwe surprise."

Hakuna tusi hapo, wala neno chafu. Mtoto anaona amepata rafiki. Lakini kwa dakika moja mgeni huyo amejua mji, mtaa na namba ya simu ya nyumbani. Pia amemfundisha mtoto kuficha jambo.

Namba moja inafungua nini?

Kwanza, jina lako. Ukitaka kumtumia mtu pesa, huduma hukuonyesha jina lake kabla ya kukamilisha, ili usikosee. Ni kinga nzuri, lakini aliye na namba yako anaweza kuitumia kujua unaitwa nani. Kesho anaweza kukupigia akikutaja kwa jina, akamtaja mtoto na mtaa, halafu adai mtoto ameanguka na zinatakiwa pesa haraka. Mzazi aliyeshtuka hatulii kuuliza maswali.

Pili, WhatsApp. Mgeni anatoka kwenye gemu, ambako angalau kuna kitufe cha kuripoti, na kuingia mahali anapoongea na mtoto faraghani.

Tatu, SMS. Anaweza kumwambia mtoto, "Kuna namba sita zitaingia kwa simu, nisomee." Hizo zinaweza kuwa za kufungua WhatsApp yako kwenye simu nyingine. Akishaingia, anawaandikia watu wako kwa jina lako akiomba pesa.

Pesa si hasara kubwa zaidi

Pesa ikipotea inauma, lakini kuna mgeni ambaye hataki pesa kwanza. Anatoa zawadi ndogo, anasifu, anasikiliza. Baadaye anaomba picha. Kisha picha isiyofaa. Akiipata, anaanza vitisho: tuma nyingine, au tuma pesa, la sivyo naisambaza shuleni kwenu. Mtoto anaogopa kukuambia kwa sababu alishakubali siri ya kwanza, ile ya almasi.

Sheria inamlinda mtoto hapa. Sheria ya Watoto ya 2022 imeharamisha kumdhulumu au kumnyanyasa mtoto mtandaoni, na imetaja waziwazi michezo ya video ya mtandaoni. Kwa hivyo usikubali kuambiwa ni "mambo ya gemu tu".

Zawadi ya kweli haihitaji namba yako

Mfundishe mtoto hili, atalishika upesi kwa sababu anaijua gemu kukushinda. Kwenye Free Fire, almasi huingia kwa kutumia namba ya mchezaji, ile iliyo kwenye wasifu wake. Hazihitaji namba ya simu ya mama, wala PIN, wala neno la siri, wala namba zilizoingia kwa SMS. Anayeomba vitu hivyo hana zawadi.

Fanya haya jioni ya leo

1. Badilisha PIN kama mtoto anaijua. Usitumie mwaka wake wa kuzaliwa. PIN ni yako peke yako, hata kama mtoto ndiye hukusaidia kutuma pesa.
2. Funga programu ya pesa na ya SMS kwa neno la siri, kama simu yako inaruhusu.
3. Kwenye Google Play, weka mipangilio ya kuuliza neno la siri kabla ya kila ununuzi.
4. Ingia kwenye gemu pamoja na mtoto. Zimeni sauti ya wageni, na chati ibaki kwa marafiki mnaowajua kwa sura.
5. Roblox ikitaka kuthibitisha umri kwa picha ya uso, usiweke uso wako kwa akaunti ya mtoto. Itamhesabu kuwa mtu mzima na kumfungulia chati za watu wazima.
6. Kubalianeni vitu vitano visivyotoka kwenye gemu: jina kamili, shule, mtaa, picha na namba ya simu.
7. Mwahidi hivi: "Ukiniambia mtu amekuomba kitu, sitakunyang'anya simu." Watoto wengi hunyamaza kwa kuogopa adhabu hiyo.

Na ikishatokea?

Usimchape, na usifute chochote. Piga skrinshoti za maongezi, jina la mchezaji na namba iliyotumika, kisha mripoti na kumzuia ndani ya gemu. Lakini kama mtu ametuma picha chafu za mtoto, usizisambaze kwa yeyote, hata kwa kundi la wazazi. Onyesha polisi simu yenyewe.

Usilipe anayetisha. Akilipwa mara moja, hurudi.

Piga 116, laini ya kusaidia watoto. Ni bure, saa 24, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe. DCI wanapatikana bure kwa 0800 722 203. Unaweza pia kwenda kituo cha polisi kilicho karibu, uulize dawati la jinsia na watoto.

Kama pesa zimetoka, tupigie mara moja kwenye namba ya huduma kwa wateja, ukiwa na ujumbe wa muamala. Tukijua mapema, kabla mpokeaji hajazitoa, nafasi ya kuzizuia ni kubwa zaidi. Na kumbuka: sisi hatutakuuliza PIN yako kamwe, na hatutamuuliza mtoto wako.