Gari Likitetemeka, Zima Kwanza
Kijitabu cha elimu kwa wamiliki wa magari yaliyotumika, Kata ya Kilole, Korogwe

KWA NINI TUMEKIANDIKA

Malalamiko yanayotufikia ofisini yanafanana kiasi kwamba tungeweza kuyajaza kwenye fomu moja. Mtu amenunua gari la mkononi, IST au Premio au Noah, lenye usajili wa namba C au namba D, limepigwa polishi linang'aa. Wiki ya kwanza ni raha tupu. Kisha asubuhi moja linawaka huku linatetemeka, likisimama linataka kuzimika, na likipelekwa Lushoto linaishiwa nguvu kabla ya kufika Soni. Fundi wa kwanza anasema ni plagi. Wa pili anasema ni koili. Wa tatu anataka kushusha tanki atoe pampu. Fedha imekwisha, mtetemeko uko palepale. Ndipo mwenye gari anapoamua kwamba kazi hii ataifanya mwenyewe, uani, Jumapili, watoto wakimzunguka.

Hatumkatazi mtu kufungua boneti ya gari lake. Mengi yanayosababisha mtetemeko yanaweza kuonekana na mtu yeyote mwenye macho na subira, na tutayaeleza. Lakini liko jambo moja ambalo tunajua litarukwa, kwa sababu hurukwa kila tunapolisema. Kwa hiyo tunalitanguliza, na tutalirudia hata kama litachosha: petroli iliyo wazi na cheche visikutane.

KINACHOUA

Kinachowaka si petroli uionayo, ni mvuke wake. Mvuke huo hutoka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye jua la Korogwe saa nane mchana. Tena ni mzito kuliko hewa. Haupai ukapotea, bali unatambaa chini kama maji yanayotafuta mfereji, na hauonekani. Gereji zetu nyingi ziko chini ya mwembe, na chini ya mwembe huohuo yupo mama lishe na jiko lake la mkaa. Fundi anamimina petroli kwenye kopo aoshee vifaa. Hajashika kiberiti, havuti sigara, anajiona yuko salama. Mvuke unalifuata jiko.

Watu wakisikia hivi hutaja malori. Ni kweli, taifa halijasahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia na madumu, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Majirani zetu wa Kenya walishayaona hayo Sachang'wan, karibu na Molo, Januari 2009. Kongo waliyaona Sange, Julai 2010. Lakini sisi hapa hatuzungumzii lori. Tunazungumzia kopo la maziwa lenye petroli nusu, lililowekwa pembeni ya tairi la mbele wakati mtu anapima kama plagi inatoa moto.

Kipimo hicho ndicho kinachotunyima usingizi, na kila fundi anakijua. Unafungua plagi, unaichomeka kwenye koili yake, unaigusisha kwenye chuma cha injini, mwenzako anapiga stata, unatazama cheche. Kwenye magari ya zamani yenye kabureta watu wamekifanya miaka mingi wakapona, na kupona huko ndiko kulikowadanganya. Kwenye injini ya kisasa, ukipiga stata nozeli zinaendelea kunyunyizia petroli. Silinda isiyo na plagi inaitema petroli hiyo kupitia tundu lililo wazi, ikiwa ukungu, moja kwa moja kuelekea ile cheche uliyoishika. Umejitengenezea bomu ukaliinamia. Umeme wenyewe unaotoka kwenye koili unafika makumi ya maelfu ya volti. Kwa mwenye tatizo la moyo, mshtuko huo tu ni hatari.

Kwa hiyo: USIPIME CHECHE KWA KUPIGA STATA PLAGI IKIWA NJE. Yapo mafundi wanaojua kuzima mfumo wa mafuta kwanza. Waachieni kazi hiyo. Wewe unayesoma kijitabu hiki hauko miongoni mwao, na hakuna aibu, maana ipo njia nyingine inayokupa jibu lilelile, nayo iko hapa chini, kwenye sehemu ya koili.

Mengine tunayapita haraka lakini ni amri. Usivute petroli kwa mdomo na mpira. Tone likiingia kwenye mapafu linaunguza, na aliyemeza asitapishwe bali awahishwe hospitali. Usimimine petroli kwenye njia ya hewa ya injini ili "liamke". Usioshe kitu chochote kwa petroli. Usihifadhi petroli ndani ya nyumba, na hasa usiiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto hasomi harufu. Na usiache gari likinguruma ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu, na injini inayotetemeka inaweza kuitoa kwa wingi kuliko injini nzima.

Moto ukitokea, usimwagie maji. Petroli huelea juu ya maji na moto unasafiri nayo. Tumia mtungi wa unga mkavu ambao sheria inakutaka uwe nao garini (si ule uliokwisha gesi, uliowekwa kumridhisha askari), au mchanga. Usifunue boneti nzima, kwa kuwa unaupa moto hewa. Ondoa watu, piga 114.

ANZA BILA KUGUSA MAFUTA

Zima gari. Toa ufunguo. Subiri injini ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kikiwa cha moto, na plagi haifunguliwi kwenye kichwa cha alumini chenye joto, la sivyo utaitoa na nyuzi zake, na hapo umeinunua kazi mpya.

Swali la kwanza: ni injini inayotetemeka, au ni gari? Injini ikinguruma sawasawa lakini usukani na viti vinatikisika ukiweka gia ya D huku umekanyaga breki, mara nyingi maunti za injini zimechoka. Raba hizo huchakaa, na barabara zetu za vumbi huzimaliza mapema. Mtu mwenye tatizo hili anaweza kubadilisha plagi mwaka mzima asipate nafuu. Injini yenyewe ikikatakata, inaruka pigo, ndipo mafundi husema gari linamisi.

Kisha hewa. Fungua boksi la ea klina. Ikiwa umekuja kwa njia ya vumbi kutoka upande wa Handeni vijijini, usishangae kukuta udongo wa kutosha kupanda mchicha. Toka hapo ufuate mpira mnene unaopeleka hewa kwenye injini. Ukunje kwa vidole, uchunguze mikunjo yake ya chini ambako jicho halifiki, maana ndiko hupasuka. Hewa inayoingia hapo haikupimwa na kompyuta ya gari, hivyo mchanganyiko unakuwa na petroli pungufu na injini inayumba hasa ikiwa imesimama. Fuata na mipira myembamba ya hewa. Ukikuta mmoja umechomoka, umepata jibu bila shilingi. Tunasikitika kusema kwamba wako watu waliobadilishiwa pampu kwa sababu ya mpira wa namna hiyo.

Pua nayo ina kazi. Ukisikia harufu kali ya petroli, kazi yako imeishia hapo. Usiwashe gari kuangalia inatoka wapi. Usimulike kwa kibatari. Ita fundi aje lilipo. Njia za mafuta kwenye injini ya kawaida hufanya kazi kwa mgandamizo wa takriban bar 3, na sehemu yake hubaki hata baada ya gari kuzimwa, na injini zenye nembo ya D-4, zilizofungwa kwenye Noah na Premio kadhaa, hutumia mgandamizo mkubwa mara nyingi zaidi ya huo. Mrija wa namna hiyo haufunguliwi na mtu wa Jumapili.

KOILI: HAMISHA, USINUNUE

Magari mengi madogo ya mjini kwetu, kama IST iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, Raum na Premio ya 1.5, yanatumia injini ya aina moja, 1NZ-FE. Ina silinda nne, plagi nne, na koili nne, kila moja imekaa juu ya plagi yake. Hii ni bahati kwa mwenye gari, kwa sababu una koili tatu za kulinganishia.

Gari likiwa limezimwa, chomoa soketi ya umeme ya koili moja tu. Koili yenyewe iache mahali pake. Rudi kwenye usukani, washa, sikiliza sekunde chache, zima. Mngurumo ukiharibika zaidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Rudisha soketi, nenda inayofuata. Utakapofika kwenye silinda ambayo ukiichomolea soketi hakuna kinachobadilika, hiyo ndiyo imelala. Usichomoe soketi injini ikiwa inazunguka, hata kama umemwona fundi akifanya hivyo huku anaongea na simu.

Sasa hamisha koili ya silinda iliyolala uiweke kwenye silinda nzima, na ile nzima uilete huku. Rudia kipimo. Ugonjwa ukihama pamoja na koili, koili imekufa: nunua moja, si nne. Ugonjwa ukibaki palepale, tazama plagi. Nyeusi yenye masizi makavu inaonyesha petroli nyingi au hewa kidogo. Nyeupe iliyoungua inaonyesha kinyume chake. Yenye oili ukiitoa, chungulia ndani ya kisima chake: oili ikiwa imejaa kisimani juu ya plagi, gasketi ya tapeti kava ndiyo inayovujisha, na raba ya koili imelowa ikapoteza umeme. Wauza spea watakuuzia koili kwa furaha, nayo itakufa vilevile kama gasketi haikubadilishwa. Ukirudisha plagi, ianze kwa mkono mpaka ikae, ndipo ukaze kwa spana bila kutumia nguvu za shambani.

Mwenye uwezo wa kupimiwa kwa mashine apime kabla ya kununua chochote. Namba ya kosa P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi P0304; P0300 ni kumisi kusikotulia mahali pamoja, na P0171 ni petroli pungufu kwa hewa iliyopo, kwa hiyo rudi kwenye ile mipira. Vile vidude vya bei ya chini vya kuunganisha na simu havisomi magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani. Kidude kikikataa, usihitimishe kwamba gari halina kosa.

TAA YA INJINI IKIPEPESA

Taa ya injini ikiwaka na kutulia, una muda wa kutafuta fundi. Ikiwaka na kuzima mfululizo huku gari linatetemeka, punguza mwendo, simama. Petroli ambayo haikuungua kwenye silinda inaenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi, na masega yanapata moto mpaka yanakuwa mekundu. Ukiegesha juu ya nyasi kavu kando ya barabara ya Korogwe hadi Handeni mwezi wa pili, umeegesha juu ya jiko. Simama kwenye lami au udongo mtupu. Na dawa ya masega yaliyoziba si kuyakata na kuyauza. Ni kutibu kumisi kulikoyaharibu.

HAKIWAHUSU

Wenye magari ya dizeli, yaliyofungwa mfumo wa gesi, yenye mota ya umeme, ya abiria wa kulipia, na yaliyo chini ya dhamana ya muuzaji. Hao waende kwa wataalamu wao.

IKIWA NI MAFUTA

Mara nyingine gari lilikuwa zima mpaka lilipojazwa mafuta. Likaanza kugonga likipanda mlima, likatoa moshi, likakosa nguvu. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli hufanya hivyo hasa, na miaka ya nyuma uchakachuaji ulikuwa biashara kwa sababu mafuta ya taa yalitozwa ushuru kidogo. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa, faida ya kuchakachua ikayeyuka.

Hata hivyo maji yanaweza kuingia kwenye tanki la kituo, na mjanja hakosekani. Kwa hiyo dai risiti ya mashine ya EFD kila unapojaza, hata lita tano. Bila risiti huna ushahidi ulinunua wapi wala lini. Ukishuku mafuta, acha kuendesha, peleka malalamiko EWURA pamoja na risiti, taja kituo, siku na saa, na waache wenye vipimo wakapime kituoni. Kudondosha tone kwenye karatasi na kuangalia kama linaacha doa si kipimo. Wala usituletee sampuli ya petroli ofisini kwenye chupa ya soda. Mmeshaleta, na tumelazimika kuwatoa watu wote nje.