Ruzuku, Fadhila au Mgao? Istilahi za Fedha za Shule na Mzazi wa Kenyatta Market

Soko linaloitwa Kenyatta Market, lililo baina ya mitaa ya Golf Course na Ngummo jijini Nairobi, linajulikana kwa mambo matatu: nyama choma, ususi wa nywele na mafundi wa cherehani. Upande mmoja ipo Hospitali Kuu ya Kenyatta. Upande wa pili, ukishavuka barabara iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Mbagathi, unaanza kuingia Kibera. Wengi wanaotafuta riziki sokoni humo ni wazazi, na watoto wao husoma katika shule za serikali na zile za kijamii zilizo karibu. Ni wazazi hao ambao sheria imewapa nafasi ya kusimamia fedha ambazo serikali huzipeleka shuleni. Makala haya yanachunguza istilahi zinazotumiwa kuzitaja fedha hizo, na jinsi istilahi yenyewe inavyoweza kumpa mzazi sauti au kumnyamazisha.

Mfumo wenyewe una historia yake. Baada ya uhuru, jamii nyingi zilijijengea shule kwa harambee, nayo serikali ikasaidia baadhi yazo kwa kuwapeleka walimu. Neno harambee, mwito wa watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja, lilimweka mwananchi katika nafasi ya mtendaji: yeye ndiye aliyevuta kamba. Mambo yaligeuka Januari 2003, wakati serikali ya NARC chini ya Rais Mwai Kibaki ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2 mwaka 2003. Serikali ikaahidi shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na kiasi hicho kikaongezwa baadaye hadi shilingi 1,420.

Shilingi hizo 1,020 ziligawanywa mara mbili. Shilingi 650 ziliingia katika akaunti ya vifaa vya kufundishia, na shilingi 370 katika akaunti ya matumizi ya jumla kama vile ukarabati, maji na umeme. Akaunti ya kwanza ilipewa jina SIMBA, kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya akaunti ya benki ya vifaa vya kufundishia shuleni. Hapa pana jambo la kumchekesha na kumhuzunisha mwanafunzi wa isimu kwa pamoja. Kifupisho hicho kinasomeka kama neno la Kiswahili linalojulikana na kila mtoto, lakini maana yake imefungiwa katika lugha nyingine. Mzazi aliyeambiwa kwamba fedha ziko SIMBA alilisikia neno, akalielewa neno, na bado hakuelewa kitu.

Istilahi iliyozoeleka katika maandishi rasmi ya Kiswahili ni ruzuku. Asili yake ni Kiarabu, na ni ndugu wa riziki. Katika matumizi ya kale na hata ya leo, anayeruzuku ni Mwenyezi Mungu, binadamu huruzukiwa. Kitenzi hiki kina mtoaji mmoja aliye juu na wapokeaji wengi walio chini. Hakuna anayeikagua riziki, na hakuna anayeuliza kwa nini imechelewa kufika mwezi huu. Neno linapohamishwa kutoka uwanja wa dini hadi uwanja wa fedha za umma, halihami peke yake. Hubeba nyayo za lilikotoka, na miongoni mwa nyayo hizo ni ile heshima ya mpokeaji ambaye kazi yake ni kushukuru.

Ufadhili ni mzito zaidi. Mzizi wake ni fadhila, yaani wema unaotendwa na mtu asiyelazimika kuutenda. Ukisema serikali inafadhili elimu, umesema pasipo kukusudia kwamba ingeweza kutofanya hivyo. Ilhali Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima. Haki na fadhila haziwezi kukaa katika sentensi moja bila kugombana. Istilahi ya ufadhili inafaa pale anayetoa hana wajibu wa kutoa. Uingereza, kwa mfano, ilikuwa mfadhili wa mpango huo, na Desemba 2009 ikasitisha msaada wake baada ya ukaguzi kuonyesha kwamba fedha zilikuwa zimepotea katika Wizara ya Elimu. Mfadhili aliuliza hesabu, akajibiwa. Mzazi aliyeitwa mfadhiliwa hakuwa na nafasi kama hiyo.

Lipo pia neno basari, ambalo Wakenya wamelikopa kutoka Kiingereza na kulizoea kabisa. Tangu Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge ianzishwe kwa sheria mwaka 2003, sehemu ya fedha zake imekuwa ikitumika kuwalipia karo wanafunzi wa familia maskini. Linalostahili kuchunguzwa ni sarufi ya sentensi ambamo basari hutokea. Kwa kawaida husemwa: mbunge ametoa basari. Kiima ni mbunge, kitenzi ni kutoa, na mlipakodi hayumo popote katika sentensi, hata kwa kiambishi. Mama msusi anayelipa ushuru wa kibanda, na anayelipa kodi katika bei ya sabuni na ya muda wa maongezi wa simu, anasimama kwenye foleni ya fomu za basari kama mtu anayekwenda kuomba. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya 2015 iliyosimamia hazina hiyo inakiuka Katiba, na mjadala mkali ukazuka. Wanasiasa waliuendesha sana kwa hoja ya nani atawasaidia maskini, na neno lililorudiwa ni lilelile: kusaidia.

Lugha ya ushirikiano nayo ina mitego yake. Hati za elimu huwataja wazazi kuwa wadau, au washikadau kama wanavyopenda kusema Wakenya. Dau ni fedha iliyowekwa mezani katika mchezo wa kubahatisha. Mwenye dau anaweza kushinda, anaweza kupoteza. Istilahi hiyo imetafsiriwa moja kwa moja kutoka Kiingereza, lakini kwa bahati inasema kweli kuliko ilivyokusudiwa, kwa kuwa mzazi wa Kibera na Ngummo ameweka dau kubwa: mtoto wake.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdau huyo nafasi halisi. Katika bodi ya usimamizi wa shule ya umma kuna wawakilishi sita wa wazazi, idadi inayozidi ile ya kundi lingine lolote. Kila shule inapaswa pia kuwa na chama cha wazazi. Kifungu cha 29 kinakataza karo ya masomo katika shule za umma. Kinaruhusu malipo mengine kwa idhini ya Waziri tu, na kinaongeza kwamba mtoto hawezi kukataliwa shuleni kwa sababu malipo hayo hayajatolewa. Aidha, anayepokea malipo lazima atoe risiti rasmi. Kwa muuza nguo anayeambiwa alete pesa za mtihani, pesa za motisha na pesa za mwalimu wa BOM, hayo ni maneno yenye thamani kubwa. Sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, ingawa Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Mikutano ya wazazi mara nyingi huendeshwa kwa Kiswahili, hata kwa Sheng, kisha kumbukumbu na taarifa za hesabu zikaandikwa kwa Kiingereza. Mwakilishi wa wazazi hupitisha kwa mkono ulioinuliwa hesabu ambayo hakuisoma.

Mpango mmoja umefanikiwa kulivuka pengo hilo kwa jina lake tu. Juni 2023 Kaunti ya Nairobi, ikishirikiana na shirika la Food4Education, ilizindua mpango wa chakula cha mchana kwa wanafunzi wa shule za umma ulioitwa Dishi na County. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani, na gharama iliyobaki hubebwa na kaunti na mshirika wake. Mtoto huvaa bangili iliyounganishwa na akaunti, huigusisha kwenye kifaa, kisha akapewa chakula. Watetezi wa Kiswahili sanifu huenda wakalikunjia uso jina hilo, nusu Sheng nusu Kiingereza. Hata hivyo kihusishi *na* kimefanya kazi ambayo ruzuku na ufadhili vimeshindwa kuifanya. Hakisemi chakula kutoka kwa kaunti. Kinasema chakula pamoja na kaunti. Na kwa kuwa mzazi ameweka shilingi zake 5, siku chakula kisipofika ana neno la kuuliza, naye huuliza.

Kiswahili kina istilahi nyingine iliyo tayari, nayo ni mgao. Imetokana na kitenzi gawa, na anayegawiwa ana fungu lake katika kitu ambacho ni cha wote. Mgao unaweza kuchelewa, kupunjwa au kupita mkononi mwa mtu asiyestahili, na lugha yenyewe inaruhusu malalamiko: mgao wangu uko wapi? Huwezi kusema vivyo hivyo kuhusu fadhila bila kuonekana huna adabu. Kusema mgao wa kila mwanafunzi badala ya kapitesheni, neno linalosikika mno siku hizi katika taarifa za habari, kungemfanya mzazi ajue bila kuelezwa kwamba idadi ya watoto darasani izidishwe kwa kiasi fulani, na jibu lionekane katika akaunti ya shule. Mwaka 2003 shule zilitakiwa kubandika kwenye ubao wa matangazo kiasi zilichopokea. Hesabu hiyo ikibandikwa leo kwa Kiswahili, chini ya neno mgao, mchoma nyama aliyemaliza darasa la nane ataimaliza kwa kalamu ya kuandikia oda.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vilivyo mwendo mfupi kutoka sokoni humo vina kazi ya kuanzia: Kifungu cha 29 na fomu ya mapato na matumizi ya shule moja, kurasa zisizozidi nne, zitafsiriwe na kusomwa mbele ya wawakilishi sita wa wazazi kabla ya mkutano wao wa kwanza wa mwaka.