JUMATANO: Miaka Isiyorudi

Soma 2 Mambo ya Nyakati 33:1–23. Ni mambo gani yaliyobadilika Manase alipotubu, na ni yapi yaliyobaki kama yalivyokuwa?

Manase alitawazwa akiwa na umri wa miaka 12, akatawala Yerusalemu miaka 55. Alijenga madhabahu za Mabaali, akaweka sanamu ndani ya nyumba ya Mungu, akawapitisha watoto wake motoni katika bonde la mwana wa Hinomu. Kisha majemadari wa Ashuru walimfunga pingu na kumpeleka Babeli. Huko, katika taabu yake, alijinyenyekeza akaomba. Mungu alimsikia, akamrudisha katika ufalme wake.

Msamaha ulikuwa kamili, lakini watoto waliopita motoni hawakurudi. Damu isiyo na hatia aliyoimwaga ilikumbukwa hata Yuda ilipokuwa ikianguka (2 Wafalme 24:3, 4). Naye Amoni, mwanawe, alizitolea dhabihu sanamu ambazo baba yake alizifanya (fungu la 22). Manase alikuwa ameziondoa mjini, lakini hakuweza kuziondoa moyoni mwa mwanawe.

Je, yaliyopita yanaweza kubadilishwa? Tendo likishatendeka halitenduliki. Mungu anapotusamehe hasemi kwamba hatukutenda. Anaondoa hatia, ili tendo lile lisisimame tena kati yetu na Yeye. Matokeo yake yanaweza kubaki, na hapo ndipo toba inapopata kazi ya kufanya.

Mfikirie baba aliyeuza shamba la familia kwa ajili ya pombe, kisha akabatizwa. Dhambi yake imesamehewa, lakini shamba halijarudi, na watoto walioacha shule bado wanaumia. Akiwaambia, "Mungu amenisamehe, yamekwisha," anawaongezea jeraha. Aende kwao, awasikilize bila kujitetea, arudishe anachoweza, kama Zakayo alivyoahidi (Luka 19:8). Wasipomsamehe upesi, asiwalaumu.

Manase alifanya hivyo kwa kadiri alivyoweza: aliitengeneza madhabahu ya Bwana, akawaamuru watu wamtumikie Mungu (fungu la 16). Huenda alikufa akidhani amechelewa. Lakini tukihesabu miaka, Amoni alitawala miaka 2 tu, na Yosia alianza kutawala akiwa na miaka 8. Basi Manase alipofariki, mjukuu huyo alikuwa na umri wa miaka kama 6. Huyo ndiye aliyekuja kuziponda sanamu hata zikawa mavumbi (2 Mambo ya Nyakati 34:4). Hatuwezi kuirudia jana, lakini Mungu bado anaweza kufanya kazi katika kesho ambayo sisi hatutaiona.

Je, kuna mtu anayeendelea kuumia kwa jambo ambalo Mungu amekwisha kukusamehe? Ni hatua gani moja unayoweza kuichukua kumwelekea mtu huyo kabla ya Sabato?