Boma Lisilopauliwa: Namna Bajeti ya Halmashauri Inavyopangwa na Kusimamiwa



Katika vijiji vingi vya nyanda za juu za Kigoma, kutoka Heru Juu na Kasulu hadi Kibondo, si jambo geni kukuta boma lililoishia kwenye lenta. Wananchi walifyatua matofali na kuyachoma, wakasomba mawe na mchanga, wakachangishana fedha za fundi, kisha wakaingoja Serikali ipaue. Mwaka wa kwanza huambiwa kwamba bajeti haikuruhusu. Mwaka wa pili mvua huanza kula kozi za juu. Mwaka wa tatu mbuzi hulala katika chumba kilichokusudiwa kina mama wajawazito, na mtu akihimiza mchango mwingine hakuna anayeinua mkono.

Swali linaloulizwa wakati huo ni moja: nani alilikata jina la zahanati yetu, na alilikatia wapi? Wengi hujibu kwamba lilikatwa mkoani. Jibu hilo lina ukweli kidogo na kosa kubwa, na kosa hilo humgharimu mwananchi, kwa kuwa humfanya apeleke malalamiko yake mahali pasipo na kalamu ya kuidhinisha, tena wakati ambapo kalamu zote zimekwisha kufungwa. Sisi tuliotayarisha somo hili tunakusudia kuonyesha kalamu hiyo iko wapi, na lini.

Tuanze na mkoa wenyewe. Mkoa wa Kigoma una wilaya 6 na halmashauri 8. Hesabu hizo hazilingani kwa sababu Wilaya ya Kigoma ina halmashauri mbili, na Wilaya ya Kasulu vilevile ina mbili: Halmashauri ya Wilaya na Halmashauri ya Mji. Kibondo, Kakonko, Buhigwe na Uvinza zina moja moja. Jambo hili linaonekana dogo, lakini watu wawili wanaouza maharage katika gulio moja la Kasulu wanaweza kuwa chini ya wakurugenzi wawili, mabaraza mawili ya madiwani na bajeti mbili tofauti. Barua iliyopelekwa kwenye halmashauri isiyohusika inaweza kulala mezani kwa miezi. Kwa hiyo, kabla ya kudai lolote, uliza kwanza: kata yetu iko katika halmashauri ipi?

Mkoa hauna baraza la kuchaguliwa. Ulicho nacho ni Kamati ya Ushauri ya Mkoa, iliyowekwa na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997. Mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, ambaye huteuliwa na Rais, na katibu wake ni Katibu Tawala wa Mkoa. Ndani yake wamo wakuu wa wilaya, wabunge wa mkoa, wenyeviti wa halmashauri pamoja na Meya, na wakurugenzi. Wilaya nayo ina kamati ya ushauri ya namna hiyo chini ya Mkuu wa Wilaya. Neno "ushauri" katika majina hayo lichukuliwe kama lilivyo. Kamati hupokea mapendekezo ya mipango na bajeti za halmashauri, huyajadili, huonyesha kasoro na kushauri. Haipitishi. Mwenye mamlaka ya kupitisha bajeti ya halmashauri ni Baraza la Madiwani, yaani watu mliowapigia kura ninyi wenyewe.

Haikuwa hivi sikuzote. Heru Juu palikuwa makao ya Mwami, na jina la Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeshika kiti hicho katika miaka ya mwisho ya ukoloni wa Kiingereza, bado linatajwa huko. Zama zile ushuru na matumizi ya eneo vilipita katika hazina ya utawala wa wenyeji. Machifu walivuliwa mamlaka ya kiserikali mwaka 1963, halmashauri za wilaya zikashika nafasi. Kisha mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani: halmashauri hizo zikavunjwa, na upangaji wa maendeleo ukakabidhiwa maofisa wa mkoa na wilaya. Kwa zaidi ya miaka 10, mkoa kweli ndio uliopanga. Sheria za mwaka 1982 zilirudisha Serikali za Mitaa, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Sheria ya 1997 ikaupunguzia mkoa kazi ya kutekeleza na kuubakizia kazi ya kusimamia, kuratibu na kushauri. Twadhani mzee anayesema "mkoani ndiko wanakokata" anakumbuka vizuri, ila anakumbuka zama nyingine.

Lakini ushauri wa mkoa si maneno ya heshima tu. Kabla kamati haijaketi, wataalamu wa Sekretarieti ya Mkoa huichambua bajeti ya kila halmashauri mstari kwa mstari. Huangalia kama imezingatia mwongozo wa mpango na bajeti unaotolewa na Serikali kila mwaka, kama haijavuka ukomo, na kama miradi viporo imetengewa fedha kabla ya kuanzisha mipya. Huangalia pia kama imetengwa asilimia 10 ya mapato ya ndani yasiyolindwa kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri isiyotimiza hayo hurudishwa kurekebisha, maana baada ya mkoa bajeti huendelea hadi TAMISEMI na Wizara ya Fedha, kisha huingia bungeni chini ya fungu la mkoa, ambalo kwa Kigoma ni Fungu 74. Hivyo mkoa waweza kuuliza kwa nini boma lenu halimo. Hauwezi kuliingiza boma ambalo halikuombwa.

Neno "ukomo" linahitaji maelezo, kwa kuwa ndilo hukata majina mengi kuliko mtu yeyote. Ukomo ni kiwango cha juu cha fedha ambacho halmashauri huambiwa isikivuke katika makadirio yake. Tuseme maboma ya zahanati yanayosubiri kupauliwa ni 9, na ukomo unatosha 3. Sita yatabaki nje hata kama kila diwani ni mwadilifu. Jambo la haki analoweza kuuliza mwananchi ni lile la kigezo: yale matatu yalichaguliwaje? Kwa umbali wa kituo cha afya kilicho karibu, kwa idadi ya watu, kwa hatua ya ujenzi, au kwa sauti ya diwani wake? Swali hilo lina majibu ya maandishi, au linapaswa kuwa nayo.

Sasa tufuate safari ya ombi lenyewe. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Ili ombi liwe katika bajeti ya Julai, linapaswa kuwa limetoka kijijini kabla mwaka wa kalenda uliotangulia haujaisha. Vipaumbele hujadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kutoka hapo huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha kwa wataalamu wa halmashauri. Kati ya Januari na Machi huwa ni zamu ya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kamati ya ushauri ya wilaya, Baraza la Madiwani na kamati ya ushauri ya mkoa. Bunge huketi kwa ajili ya bajeti kuanzia Aprili.

Msomaji wa Buha ameshaiona shida. Majuma ambayo kijiji hutakiwa kuketi na kupanga vipaumbele, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ndiyo majuma ya mvua za kwanza na za kupanda mahindi na maharage. Mwenye jembe hawezi kuliacha shamba likauke ili asikilize taarifa ya mtendaji. Mkutano hukosa watu, au huahirishwa, au huketi watu wachache wakaandika kile walichokumbuka. Ikifika Mei, palizi imekwisha na barabara zimekauka, watu wana nafasi ya kumwendea diwani. Wakati huo bajeti iko Dodoma. Hatuoni kwamba kalenda ya Serikali itabadilishwa kwa ajili ya maharage, lakini kijiji chaweza kujipanga: sheria inataka mkutano mkuu uitishwe angalau kila baada ya miezi mitatu, na hakuna kinachozuia vipaumbele kujadiliwa mapema, Agosti au Septemba, kabla ya mvua, na muhtasari ukawekwa tayari.

Muhtasari ndio tunaousisitiza kuliko yote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ombi bila muhtasari hupotea zaidi, kwa maana hata aliyelipoteza hawezi kujulikana. Muhtasari uliosainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, unaotaja boma, hatua lililofikia, nguvu za wananchi zilizotumika na kiasi kilichobaki, ndio ushahidi kwamba ombi lilitoka. Omba kuona pia muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Ombi likiwa katika muhtasari wa kwanza na lisiwe katika wa pili, basi mmeshajua lilikatiwa wapi, na hamna haja ya kumlaumu Mkuu wa Mkoa.

Kuna hali nyingine inayowachanganya wengi: boma limo katika bajeti, limepitishwa, diwani amelitangaza hadharani, na mwaka unaisha bila bati hata moja. Hapa ni lazima kujifunza kusoma taarifa ya mapato na matumizi kwa safu tatu: fedha zilizoidhinishwa, fedha zilizopokelewa na fedha zilizotumika. Tuseme kwa mfano zahanati iliidhinishiwa shilingi milioni 50, zikapokelewa milioni 20, zikatumika milioni 20. Hapo tatizo halikuwa kwa msimamizi wa ujenzi. Fedha hazikuja zote, na swali liende kwa mkurugenzi: nyingine zitaletwa lini, au zitaombwa upya? Ikiwa zilipokelewa milioni 50, zikatumika 20, na mwaka umekwisha, swali ni jingine kabisa: kwa nini fedha zililala wakati jengo halina paa? Na ikiwa zilipokelewa 50 zikatumika 50 huku ukuta ukiwa vilevile, basi hilo si swali la mipango tena. Taarifa hizo hudhoofika pale mtendaji anaposoma jumla moja tu, kwa haraka, jioni, watu wakiwa wanatazama jua. Mwombeni kwa heshima, "Ndugu Mtendaji, tusomee safu zote tatu," na msubiri.

Wengine hutuliza mioyo kwa kusikia kwamba halmashauri yao imepata hati safi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua halmashauri zote kila mwaka, na hati inayoridhisha ina maana kwamba hesabu zimetayarishwa na kuonyeshwa ipasavyo. Haina maana kwamba kila boma limepauliwa wala kwamba kila bati lilinunuliwa kwa bei nzuri. Mambo hayo hutafutwa katika hoja za ukaguzi zenyewe, ambazo Baraza la Madiwani huketi kuzijadili katika kikao maalumu, na uongozi wa mkoa huhudhuria. Vikao vya Baraza viko wazi kwa wananchi. Hutaruhusiwa kuchangia, lakini utasikia diwani wako alisema nini, au kwamba hakusema.

Kumbuka pia kwamba wewe ni mlipaji. Ushuru wa gulio, leseni ya duka na ushuru wa mazao ndiyo mapato ya ndani ya halmashauri. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na yapo mabango ya viwango yanayopaswa kuonekana. Fedha uliyolipa bila stakabadhi ya mashine haitaonekana katika safu yoyote kati ya zile tatu. Vivyo hivyo michango ya kijiji: idhini yake hutolewa na mkutano mkuu, na kila mchangiaji apewe stakabadhi, hata akitoa siku za kazi badala ya shilingi.

Ukinyimwa taarifa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba kwa maandishi, na ofisi husika hutakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andika kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri yako, taja mradi, taja mwaka wa fedha, baki na nakala yenye mhuri wa mapokezi. Usipojibiwa, nakala hiyo ipelekwe kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye ofisi yake ndiyo huzisimamia halmashauri kwa niaba ya Serikali Kuu. Penye dalili ya wizi au rushwa, piga simu TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo.

Kwa kijiji ambacho boma lake bado liko wazi, mkutano wa kuandika ombi la bajeti ijayo uitishwe kabla ya mvua za Oktoba, na hesabu ya matofali, mawe na siku za kazi zilizokwisha kutolewa iletwe mkutanoni ikiwa imeandikwa.